Mgeni Wetu wa Vietnam na Boti za Dunga

Furaha binti yangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako huko Otonglo, na nimesikia ulivyofunga geti. Hukulibamiza, lakini pia hukulifunga kama mtu mwenye amani. Mimi nimebaki hapa jikoni na sahani yako, ugali haujaguswa na samaki ananikodolea jicho. Nimeosha vyombo. Nimevikausha. Nimeosha tena vikombe ambavyo vilikuwa safi tangu asubuhi. Mwishowe nikajiambia, wewe mzee, keti uandike kabla hajarudi, maana ukijaribu kusema kwa mdomo mtagombana tena.

Sikuandikii habari za neti, wala dawa ya maji, wala namna ya kuficha pasipoti. Wewe ni mtu mzima, una udaktari wa historia, na mjomba wako Bahati atakupokea mpakani. Nakuandikia kwa sababu ya kile kijiko.

Mchana ulikuwa unaongea vizuri, na mimi nilikuwa nakula vizuri. Ulikuwa unanieleza kazi inayokungoja katika mji wa mama yako: jeshi lililotoka nje limeushika, meya amekimbia, na sasa wenye bunduki wanamtafuta mtu msomi, mzaliwa wa damu ya pale, asiye na doa, akae kwenye kiti cha mji. Mjomba wako akalitaja jina lako. Hayo yote nilikuwa nimeyasikia, na tumeyabishania mwezi mzima. Ila leo ukaongeza kitu kidogo, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. Ukasema, "Kazi ya kwanza ni kuwahamisha wale watu waliokimbia kutoka vijijini wakalala madarasani. Wiki chache tu, Baba. Tukishafungua shule, tutawatafutia mahali."

Kijiko kikaniponyoka. Nikasimama nikakwambia kesho sitakusindikiza steji. Ukauliza kwa nini, nikasema mgongo. Mgongo wangu hauna neno, Furaha. Ni hiyo "wiki chache tu."

Ngoja. Nilidhani ni geti, kumbe ni upepo na mabati ya jirani. Haya.

Nianze na mgeni wetu, kwa sababu yeye ndiye aliyetugombanisha kwanza. Yule mzee wa Vietnam aliingia nyumba hii pamoja na tasnifu yako. Kila likizo ulirudi naye vitabuni. Mwalimu, mkaguzi wa shule, mtu aliyewaandikia watoto wa nchi yake historia yao kwa lugha yao, wakati Wafaransa ndio waliokuwa wakitawala. Vita vikaja, Wajapani wakaingia, na siku walipowaondoa Wafaransa wakahitaji mtu wa kuongoza serikali. Hawakumchukua mwanasiasa. Walimtafuta mwalimu mzee, mpole, anayeheshimiwa. Akakubali. Akakusanya madaktari na wanasheria na walimu wenzake wakawa mawaziri, serikali isiyo hata na waziri wa ulinzi, na ikadumu miezi michache.

Mama yako, Mungu amlaze pema, alimzoea hata akawa anamtania. Akipakua chakula anauliza, "Na huyo mgeni wenu, leo anakula ugali ama bado anangoja mchele?" Kisha anakaa atusikilize tukipigana. Wewe ulikuwa mwendesha mashtaka, mimi wakili wake. Ulikuwa unasema, na naikumbuka sauti yako na kidole chako, "Baba, hawakuitaka akili yake. Walilitaka jina lake." Mimi nasema, "Na wale wafungwa aliowatoa jela? Na shule alizoanza kuzirudisha kwenye lugha ya watoto wenyewe?" Wewe unasema, "Na njaa?" Hapo namega ugali tu, kwa sababu kaskazini watu walikuwa wanakufa njaa barabarani, na mchele ulikuwa kusini, reli zimevunjwa kwa mabomu, na yeye aliyekuwa na kiti hakuwa na treni wala neno lililosikilizwa na wenye jeshi. Mama yako anatukatiza, "Mwacheni mgeni ale."

Sasa tazama maajabu. Simu ya mjomba wako ilipokuja, tukabadilishana viti. Wewe ndiye ukaanza kumtetea mzee, mimi nikawa mwendesha mashtaka. Nikakurudishia maneno yako mwenyewe: hawaitaki akili yako, wanalitaka jina lako. Ukanitazama ukasema, "Hayo niliyaandika nikiwa nimeshiba, Baba. Watoto kule hawajaingia darasani tangu mji uliposhikwa. Ulitaka niwatumie tasnifu?"

Ni jibu zuri. Ningekuwa na umri wako ningelitoa mimi. Kwa kweli nililitoa, na hapo ndipo ninapotaka kufika, ingawa nimezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Unajua niliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya ufuo wa ziwa kule Dunga. Kila mtu anajua. Hapa kwetu ukishakuwa mwenyekiti wa kitu chochote, hata cha mazishi, utaitwa Jakom mpaka ulazwe kaburini. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi. Nimeitwa Mwalimu na watu ambao leo ni babu. Miezi michache ya kile kiti ikafuta yote. Nikipita sokoni sasa ni Jakom, Jakom, na wewe ulidhani wananiheshimu.

Ulikuwa chuoni Nairobi wakati huo, kwa hiyo ulipata habari kwa vipande. Mtu mwenye makaratasi alikuja akasema sehemu ya ufuo ni yake, anataka kujenga hoteli. Akaweka uzio wa mabati. Wavuvi wakaung'oa. Wakaletwa askari na bunduki, wakapiga kambi pale pale boti zinaposhukia, na kamati iliyochaguliwa na watu ikafukuzwa kama mbwa. Ndipo ofisa mmoja akaja hapa nyumbani, akakaa kwenye hicho kiti chako, akaisifu chai ya mama yako, akasema, "Mwalimu, watu wamechoka kupigwa. Tunatafuta mtu msafi wa kukaa hapo katikati."

Msafi! Nitakwambia ukweli, nilifurahi. Watu husema kwamba walikubali kwa uchungu, kwamba waliona mzigo. Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimestaafu juzi juzi, nilikuwa nachoka kukaa nyumbani nikihesabiwa vikombe vya chai, na hapa alikuwa mtu ananiambia nchi inanihitaji. Siku ya kwanza mama yako alinipigia pasi shati jeupe, na alipokuwa ananipa akauliza, "Wanakutaka wewe, ama wanalitaka shati?" Nikamkasirikia. Nikamwambia hajui siasa za kwetu kwa kuwa si wa huku. Neno baya sana kumwambia mwanamke aliyeacha kwao kwa ajili yangu. Tulikuwa tukiongea Kiswahili nyumba nzima kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sisi wawili, na siku hiyo hata hicho kilikauka.

Na nilifanya mazuri, usidhani sikufanya. Niliwaambia mikutano yote itakuwa kwa Dholuo, lugha yetu ya huku, si Kiingereza, na kile kilichoandikwa kwa Kiingereza kisomwe kwa Dholuo kabla ya mtu yeyote kusema ndiyo. Wamama wakapiga vigelegele. Nikawapatia uwanja wa kuanika omena, dagaa wa ziwa letu. Nikawashawishi askari wafungue geti la ufuo alfajiri, boti zinapoingia na taa zao. Ndiyo maana nilikuwa nampenda mgeni wetu, Furaha. Wewe ulidhani nabishana kuhusu Vietnam. Mimi nilikuwa najitetea kwenye meza yangu mwenyewe, na mama yako aliyekuwa anapakua ugali alilijua hilo, ndiyo maana alisema tumwache ale.

Nimesimama kidogo nikaenda mpaka kwenye geti. Hakuna mtu. Taa za boti za omena zimeanza kuwaka ziwani, zinaonekana kwa mbali kati ya nyumba. Nimerudi.

Siku moja yule ofisa alikuja na neno dogo. Mashine zinakuja kusawazisha ufuo, boti zihamishwe upande wa pili wa matete. "Wiki moja tu, Jakom. Halafu warudi mahali pazuri zaidi." Nikaitisha mkutano.

Sasa nikueleze kosa langu, maana si uongo niliosema. Nilisema nilichokiamini. Mimi ni mtu wa Pap Onditi, nimezaliwa na wakulima. Kwetu shamba ni lako hata ukikaa Nairobi mpaka uzeeke. Makaburi ya wazazi yapo pale, ua wa miti ya ojuok unaoonyesha mpaka upo pale, na hakuna mtu atakayekuuliza ulikuwa wapi. Nikauchukulia ufuo kama shamba. Lakini ufuoni hakuna kaburi wala ua. Mahali pa boti pale Dunga hapana karatasi. Panajulikana kwa sababu boti imekaa hapo, na kabla yake ilikaa boti ya baba wa mwenye boti. Boti ikienda majini, panangoja, kwa sababu kila mtu anajua itarudi asubuhi. Boti ikipelekwa kukaa kwingine nchi kavu, basi imehama. Kila aliyekaa chini mbele yangu siku ile alijua hivyo, na kila mmoja alidhani nami najua.

Kulikuwa na mama mmoja, Min Ouko. Ndiye yule ninayenunua samaki kwake, utamkumbuka, mrefu, sauti ya kuita ng'ambo. Wakati huo alikuwa na boti yake, amewaajiri vijana wanamvulia. Akasimama akauliza, "Mwalimu, boti ikitoka, mahali pake patabaki na nani?"

Nikamjibu, "Patabaki na mimi."

Basi. Hivyo tu. Watu wakacheka ile ya kushusha pumzi, Min Ouko akakaa, na jioni hiyo hiyo wakaanza kuzisukuma boti. Askari walikuwa wameshindwa na virungu vyao tangu walipokuja. Mimi niliwaondoa wavuvi kwa maneno matatu, na wakaniambia asante. Uliandika kurasa nyingi kueleza jina la mtu msafi linafanya kazi gani, Furaha. Ungenipigia simu ningekueleza bila wewe kwenda maktaba.

Kule walikopelekwa sikuwahi kwenda. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Ni mwendo wa dakika chache kutoka kwenye meza niliyokuwa nakalia, na sikwenda, kwa sababu nilikuwa na mikutano. Ningekwenda ningeona tope la kumeza goti, na njia ya viboko inayopita katikati, na kwamba hakuna mwanamke atakayetoka pale na beseni la samaki kichwani. Wiki ikaisha. Mashine zilikuwa zimesawazisha, ndiyo, na uzio ulikuwa umepita juu ya pale boti zilipokuwa. Nikaenda kwa ofisa nikiwa nimekasirika. Akaniletea soda. "Jakom, tulia. Mambo haya yanakwenda polepole."

Na mimi nikatulia! Ungeniona. Sikutoka siku hiyo. Nikajiambia nikiondoka, hata geti la alfajiri litafungwa. Nikakaa mwezi, nikakaa mwingine, na geti likafungwa nikiwa bado nimekaa. Boti ya Min Ouko ilioza kwenye tope. Mbao zake alizitumia kukausha samaki kwa moshi. Sasa anauza kando ya barabara pale Otonglo, kwenye vumbi la malori ya Busia.

Hili la "patabaki na mimi" alilijua mama yako tu. Nimelinyamazia miaka yote hii, nikimtetea mtu wa Vietnam ambaye hakuniomba.

Niliwahi kujaribu kuomba msamaha. Nikasimama mbele ya meza ya Min Ouko nikaanza, "Mama, ile siku ya mkutano..." Akanikatiza, "Jakom, samaki wanaharibika. Nunua ama songa." Nikanunua. Tangu siku hiyo nanunua kwake, hataki zaidi na mimi sina zaidi. Juzi nikaenda kuchukua samaki wako wa kuagia. Nikamwambia binti anasafiri, anaenda kushika kiti kule kwao mama yake. Akauliza kama ni kiti kama changu. Nikasema kama changu. Akacheka mpaka akashika meza. "Ai, familia yenu! Viti vinawapenda kweli!" Halafu akaongeza samaki mmoja juu, mkubwa, akasema huyo ni wa msichana, wewe Jakom usimguse. Sijui alikuwa anakubariki au anakupa pole. Ndiye huyo aliyebaki kwenye sahani yako.

Sasa utaniuliza, Baba, unataka nisiende? Mezani nilitaka kusema ndiyo. Hapa nikiandika sijui. Nikikuambia usiende, nani ataingia kwenye kile kiti? Watampata mtu, wao hawakosi. Na wale watoto ni wa kwenu pia, wana pua ya mama yako. Nikikuambia uende, nitakuwa nimekupigia pasi shati jeupe kwa mikono yangu. Naogopa, Furaha. Naogopa risasi, ndiyo, mzazi gani haogopi, lakini naogopa zaidi kwamba utarudi mzima, umenyooka, na kuna mama huko atakayecheka akishika meza kila akisikia jina lako.

Mgeni wetu hakuwa mtu mbaya. Nadhani hilo sasa tunakubaliana wote wawili. Nadhani pia alikaa pale akingoja treni ya mchele kama nilivyongoja uzio urudi nyuma. Kinachonisumbua ni kwamba sijui kama kabla ya kukubali alijiuliza ni jambo gani likitokea atasimama atoke. Mimi sikujiuliza. Nilidhani nitalijua nikiliona. Nililiona, nikanywa soda.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja na hakina busara kubwa ndani yake. Hao waliolala madarasani, kabla hujawaambia watoke, nenda mahali watakapopelekwa. Usitume mtu. Usiangalie picha kwenye simu. Nenda na mkeka, ulale hapo usiku mmoja, uamke uteke maji wanapotekea wao, uone kama mwanamke mwenye beseni atapita. Ikiwa hapalaliki, usiseme neno kwa watu. Rudi uwaambie wenye bunduki hapalaliki. Na wakikwambia ni wiki chache tu, basi hapo ndipo mlango ulipo. Toka siku hiyo hiyo, usingoje chai. Na ikiwa panalalika, wahamishe, ufungue shule, nami nitakuwa nimekosea na nitafurahi kukosea, utanikumbusha kila Krismasi.

Kama uliniona mkali mchana, haukuwa ukali. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu ikitoka kinywani mwako.

Jambo la mwisho. Shangazi yako atakuwa amekueleza huko uliko kwamba ameniomba chumba chako aweke magunia ya mahindi, kwa sababu eti utakaa sana. Nimemkataza. Amenuna, mwache anune. Kitanda hakisogei, vitabu vyako vya mgeni wetu havisogei, na ile picha ya mama yako haitoki ukutani. Sijakufa, na nisipokufa nitakuwa hapa. Ukirudi na sifa, uingie. Ukirudi usiku unakimbia, ndala mguu mmoja, watu wanakuita majina, uingie vile vile, na mimi sitakuuliza kitu mpaka uwe umekula.

Geti limelia, ni wewe sasa, nakusikia unaongea na mbwa. Nitakuwekea hii juu ya begi. Kesho alfajiri nitavaa viatu na nitakusindikiza mpaka basi liondoke, mgongo umepona.

Unatoka, Furaha. Mahali pako patabaki na mimi. Walioniamini nilipolisema neno hilo mara ya kwanza waliumia, na una haki ya kuniogopa. Niamini hivyo hivyo. Safari hii nimekaa juu yake mimi mwenyewe, na atakayetaka kuweka uzio itabidi anihamishe kwanza.

Baba yako,
ambaye kwako wewe peke yako hajawahi kuwa Jakom